Wa Mwisho Kutambuliwa

Hyacinthe wa Lubin alikuwa fundi wa mapaa, na hapa Chéticamp, kijiji chetu cha pwani, fundi wa mapaa hakosi kazi. Suête, upepo wetu wa kusini-mashariki, hushuka mlimani kama umetumwa kubomoa, na kila ukipita huacha nyumba mbili tatu zikitazama mbingu. Kwa zaidi ya miaka arobaini Hyacinthe alipanda ngazi kesho yake asubuhi, mdomo umejaa misumari, akazifunika. Alifunika nyumba ya padri, nyumba ya mwenye duka, hata nyumba za watu waliokuwa hawasemezani naye.

Lakini kuna paa moja linalozungumzwa mpaka leo, la mama yake Euclide Lefort. Mbao zilipangwa mbili mbili, misumari ikakaribiana kama meno ya kitana. Mwaka ambao suête iliviringisha lori la samaki barabarani, paa lile halikupoteza hata ubao mmoja. Watu walimsifu Hyacinthe kwa kumhurumia mama mjane. Hyacinthe hakuwa amemhurumia mtu. Alitaka paa lile lisivuje kamwe, ili Euclide asipate sababu ya kurudi kijijini kulitengeneza.

Wivu huo ulianzia jikoni kwa mzee Médéric, baba wa msichana aliyeitwa Zélie. Kwetu, wiki ya katikati ya Kwaresima, watu hujifunika uso na mwili, hubadili mwendo na sauti, kisha huingia nyumba hadi nyumba. Wenye nyumba huwatazama na kubahatisha huyu nani na yule nani. Ukitajwa jina unavua, unapewa kikombe cha kitu cha moto na kipande cha keki, unakwenda zako nyumba ya pili. Asiyetajwa huendelea kucheza katikati ya jikoni mpaka mtu amjue au achoke.

Usiku huo Zélie alikuwa na miaka kumi na tisa. Waliingia watu saba. Euclide alikuwa amevaa gauni la mama yake, na soksi ndefu ya kike ameivuta usoni. Zélie hakumtazama hata mara mbili.

"Huyu Euclide," alisema. "Nani mwingine husimama kama anasubiri kupigwa picha?"

Jikoni kote walicheka. Wengine wakatajwa mmoja mmoja, wakavua, wakanywa, wakatoka. Akabaki Hyacinthe, ndani ya koti la manyoya la bibi yake lililogeuzwa nyuma mbele, kichwani foronya yenye matundu mawili. Zélie alimkagua kutoka viatu hadi foronya, akazunguka nyuma, akarudi mbele, akasema, "Huyu simjui. Aendelee." Hyacinthe akacheza. Fidla ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine, ikaanza wa tatu. Foronya ililowa jasho. Mwishowe aliivua mwenyewe, kitu ambacho kwetu ni aibu kidogo, maana yake hakuna aliyekujua.

"Kumbe ni wewe," Zélie alisema, akampa chai iliyokwisha kupoa.

Walioana miaka mitatu baadaye. Euclide alikwenda kusomea uuguzi, akaajiriwa hospitali kubwa ya mjini, mwendo wa saa mbili kwa gari, akaoa huko, akafiwa na mke huko. Hyacinthe alipata yote aliyoyataka: Zélie, nyumba, watoto wawili ambao sasa wako Alberta kwenye visima vya mafuta, na jina zuri katika kazi. Alipata pia swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtu. Imekuwaje mwanamke akamjua Euclide tangu kizingitini, na mtu atakayemwoa asimjue hata taa ikiwa imemwangaza usoni?

Na kila mwaka, tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu yetu Waakadi, wazawa wa Wafaransa waliohamia pwani hii, Euclide alirudi na shati lililopigwa pasi akamwomba Zélie dansi moja. Moja tu, mbele ya watu wote, na kwanza alimwomba Hyacinthe ruhusa. Huko kuombwa ruhusa ndiko kulikomchoma zaidi. Angeiiba tu dansi hiyo, angalau wangepigana.

Sasa lazima nieleze habari za Mtandao. Sisi Waakadi tuna adabu inayotuua. Watu ishirini wanazungumza Kifaransa mezani, anaingia Mwingereza mmoja kuuliza njia, wote ishirini wanageuza lugha, na wanabaki huko hata baada ya yeye kuondoka. Hospitalini ni hivyo hivyo. Mtu anaulizwa ungependa lugha gani, anajibu, yoyote iliyo rahisi kwako. Kisha bibi wa watu anarudi nyumbani na chupa asiyojua kama ni ya kunywa au ya kupaka. Wazee wetu walifukuzwa na Waingereza katika ardhi yao, na waliorudi walijifunza kuinamisha kichwa ili waachwe waishi. Nawaheshimu. Lakini kuinamisha kichwa hakujawahi kumponya mgonjwa hata mmoja, na sioni kwa nini tuwarithishe watoto wetu.

Waliochoka na hali hiyo, wauguzi, mfamasia mmoja, walimu, kutoka vijiji vilivyo mbali mbali, walianza kutafutana. Walipita kila hospitali na kila zahanati wakiuliza nani hapa anajua Kifaransa, wakaandika majina, wakaunganisha watu hao kwa simu, wakawapa mafunzo. Wakaibembeleza hospitali kubwa ikubali kibandiko cha kijani kitandani kwa mgonjwa anayetaka Kifaransa. Kibandiko kikionekana, aliyemo kwenye orodha anaitwa. Huo ndio Mtandao, na kwetu uliendeshwa na Mireille Chiasson, binti ya mwenye kiwanda cha mashua.

Mireille alikuja ukumbi wa parokia na nakala za orodha. Nilikuwapo. Alisema mambo mengi, lakini aliyorudia ni haya:

"Kila kitu kinaanza na jibu moja pale mapokezi. Sema Kifaransa. Usiposema, hata sisi wenyewe hatutajua kama upo."

Zélie alichukua nakala, akaibandika kwenye friji. Hyacinthe aliisoma jioni hiyo akila fricot, mchuzi wetu wa kuku na viazi, na karibu na mwisho akakuta: Hospitali kubwa, wagonjwa wa kiharusi wenye kibandiko, Euclide Lefort, muuguzi, Jumanne na Jumatano. Asubuhi friji ilikuwa tupu. Zélie alipouliza, Hyacinthe alisema labda ilianguka. Orodha ilikuwa banda la nyuma, imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza yake ya kazi, ile iliyokuwa ikiyumba.

Mwezi Machi mwaka uliofuata, Zélie alikuwa ameinama kwenye fremu akishona zulia kwa ndoano, kama wanawake wetu wanavyoshona majira yote ya baridi ili wageni wanunue kiangazi. Ndoano ikaanguka. Hyacinthe alidhani mkewe anamcheka, kwa sababu mdomo ulikuwa umepanda upande mmoja. Kisha akaona mkono.

Gari la wagonjwa liliwafikisha mjini jua likiwa bado juu. Pale mapokezi dada mmoja mwenye uso mpole alichukua jina, umri, dawa, halafu akauliza mgonjwa angependa kuhudumiwa kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Karibu na mkono wake palikuwa na kisanduku cha vibandiko vya kijani. Hyacinthe alikitazama kisanduku kile.

"Kiingereza," alisema. "Sisi hatuna shida."

Ningependa kusema ilikuwa adabu yetu ile ile, na yeye mwenyewe alijiambia hivyo wakati dada akitia alama. Lakini alipokitazama kisanduku aliona shati lililopigwa pasi.

Zélie aliamka siku ya pili. Upande wa kulia ulikuwa umelala, na Kiingereza kilikuwa kimekwenda. Alichojifunza ukubwani, dukani na kwa watalii, kiharusi kilikifuta kama chaki. Kifaransa chake, cha jikoni kwa Médéric, kilibaki, kizito na cha polepole. Hyacinthe akasema yeye atafasiri, hakuna haja ya kusumbua mtu.

Alifasiri kwa namna yake. Zélie akisema bega linawaka kama limechomwa chuma, Hyacinthe alimwambia muuguzi kwamba anajisikia vibaya kidogo, ahsante. Zélie akisema anaogopa, Hyacinthe alisema amechoka. Neno lisilojulikana aliliruka. Na alipokwenda kula, au kulala kwenye chumba alichopanga ng'ambo ya barabara, hakubaki mtu. Wauguzi walikuwa watu wema. Walipoona haelewi, walisema kwa sauti kubwa zaidi.

Wiki ya tatu daktari alikuja kumpima akili. Hyacinthe aliombwa atoke, kwa kuwa jamaa husaidia majibu. Nusu saa baadaye daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, alimkalisha kwenye korido na kumweleza taratibu. Alama tisa katika thelathini. Mgonjwa hawezi kurudi nyumbani, anahitaji kuangaliwa usiku na mchana. Ipo nafasi katika nyumba ya wazee, mwendo wa saa tatu kupita mji. Kamati inakaa Alhamisi ya wiki ijayo, ikitia saini atahamishwa.

Hyacinthe aliuliza kama huko kuna mtu anayejua Kifaransa. Daktari alifungua faili.

"Hapa imeandikwa Kiingereza," alisema.

Aliporudi wodini, Zélie alikuwa ameugeukia ukuta.

"Alinionyesha ngamia," alisema. "Nikasema ngamia, kwa Kifaransa. Akaandika kosa. Mimi namjua ngamia tangu mafundisho ya komunyo." Alipumzika kidogo, maneno yalikuwa yanampa kazi. "Yaliyobaki sikuelewa aliniuliza nini. Nimekuwa mjinga, Hyacinthe?"

Hapo angeweza kusema. Alimfunika shuka mpaka mabegani, akatoka, akamtafuta Mireille kwa simu ya ukutani.

Mireille alisikiliza yote. Akasema kipimo hicho kipo kwa Kifaransa, kinakubalika, kikifanywa kabla ya Alhamisi kamati lazima ikisome. Anachohitaji ni mtu aliyefundishwa kukitoa.

"Nani?" Hyacinthe aliuliza.

"Yupo Euclide."

"Mwingine."

"Mjomba?"

"Soma mwingine. Si mna orodha?"

Akasikia karatasi zikifunuliwa. Mireille alisema yupo dada wa kijiji cha Pomquet, lakini yeye ni wa usafi, haruhusiwi kupima. Yupo mmoja wa meno. Yupo mkunga, hodari sana.

"Mke wangu ana miaka sitini na saba," Hyacinthe alisema. "Mkunga wa nini?"

"Basi ni Euclide, mjomba. Wiki zote tatu ni Euclide. Nashangaa hakunipigia, huwa ananipigia akipata mtu wa kwetu. Kibandiko si kipo kitandani?"

Hyacinthe alizungusha waya wa simu kidoleni.

"Mjomba. Walikuuliza lugha, ukasema nini?"

"Nilisema Kiingereza."

Mireille aliziweka karatasi chini. Kisha akasema, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi, "Kwa ajili ya lile la Kwaresima? Mjomba, kijiji kizima tunalijua. Mimi sikuwa nimezaliwa na ninalijua." Akamwambia akabadilishe fomu, halafu aende mwenyewe kwa Euclide, si kwa simu. Ofisi iko ghorofa ya chini, Jumanne.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Siku tatu Hyacinthe alikaa kando ya kitanda akiijua dawa na ghorofa ilipo. Jumamosi alimlisha Zélie uji wa hospitali. Jumapili alisali naye. Jumatatu alijikuta akifikiri labda daktari atabadili mawazo mwenyewe, na akaona haya hata kwa kulifikiria. Alijua kitakachotokea. Zélie angewekwa dirishani kwenye nyumba ya watu wapole wanaopaza sauti, asielewe wanachomwambia mpaka siku ya kufa, na wao wangeandika kila siku kwamba hajui kitu. Na Hyacinthe ndiye angekuwa amempeleka, kwa neno moja.

Jumanne alikwenda mapokezi, akamwambia yule dada kwamba kuna kosa kwenye fomu. Dada alitabasamu, akasema si kitu, hutokea. Akampa kibandiko. Hyacinthe alikishika kwa ncha za vidole kama kinaunguza, akashuka ngazi.

Euclide alikuwa na kichwa cheupe sasa, lakini alisimama vile vile.

"Hyacinthe wa Lubin," alisema, akafurahi kweli. "Unafanya nini huku? Paa letu linavuja?"

"Zélie amepata kiharusi. Yuko ghorofa ya nne."

Euclide alishika meza. Aliuliza tangu lini, akaambiwa wiki tatu. Akasema haiwezekani, kwa sababu kila kibandiko cha ghorofa ya nne hupita mkononi mwake, na mafaili mengine haruhusiwi kuyafungua. Hyacinthe akaweka kibandiko mezani. Akasema alichosema mapokezi. Hakusingizia adabu.

"Wiki tatu," Euclide alisema. "Amelala juu ya kichwa changu wiki tatu hana wa kusema naye, kwa sababu mimi nilitambuliwa na wewe hukutambuliwa?"

"Ndiyo."

"Unajua ninachotaka kukufanya?"

"Najua. Nifanye baadaye. Alhamisi wanatia saini."

Euclide alimtazama, kisha akavuta kalenda. Alimpangia kesho saa tatu asubuhi, kichwa cha mgonjwa kikiwa kimepumzika. Hyacinthe alipofika mlangoni aliitwa.

"Ungekuwa mtu mwingine," Euclide alisema, "ningesema hukujua. Lakini wewe ulijua. Hilo ukae nalo."

Jumatano Hyacinthe aliambiwa tena akae nje. Mlango uliachwa wazi kidogo, kama upana wa kiganja. Alisikia Euclide akijitambulisha kwa jina la kwetu, la baba na babu, Euclide wa Simon wa Placide, na akasikia mkewe akivuta pumzi. Kisha alisikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu ndoano ilipoanguka. Zélie alicheka.

Wiki tatu nzima Hyacinthe amemlisha, amemgeuza, amemkanda miguu, hakumfanya acheke hata mara moja. Huyu kaingia na karatasi tu. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Angependa kuingia. Angependa pia acheke tena, kwa sababu kicheko kile kilikuwa chake chenyewe, kile cha zamani, na kilimwonyesha kwamba mwenye kicheko yumo.

Maswali yakaenda. Ngamia akawa ngamia. Simba akawa simba. Maneno matano akayarudia, manne akayakumbuka mwishoni. Alihesabu kurudi nyuma saba saba mpaka Euclide akasema inatosha. Alipoambiwa ataje maneno yanayoanza kwa herufi fulani, alitaja majina ya nusu ya makaburi ya parokia, na Euclide akamwambia majina ya watu hayahesabiwi, wakabishana.

"Sasa weka karatasi kando," Euclide alisema. "Nisimulie jambo lolote la zamani, polepole, nisikie maneno yanavyokuja."

Karatasi ilisikika ikiwekwa mezani.

"Kwaresima," Zélie alisema. "Jikoni kwa baba. Mliingia saba. Wewe na gauni la mama yako."

"Usinikumbushe gauni lile."

"Nikakutaja wa kwanza."

"Ulinijua haraka sana," Euclide alisema, na hata kwenye korido fahari ilisikika.

Hyacinthe alifumba macho. Miaka arobaini na nane, na bado analetewa jambo lile lile.

"Nilikutaja haraka ili uvue," Zélie alisema. Kila neno lilikuja peke yake, kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mmoja. "Uvue. Unywe. Unipishe. Wote niliwataja haraka. Yule wa foronya nilimjua angali mlangoni. Anakung'uta theluji. Viatu vina lami ya paa. Ningemtaja, angekunywa, angekwenda nyumba ya pili." Akapumzika. "Nikasema simjui. Nikasema aendelee."

Kiti kililia.

"Kumbukumbu," Euclide alisema mwishowe, na kalamu ikasikika, "alama zote."

Alipotoka alivuta mlango nyuma yake, akaegemea ukuta karibu na benchi. Hakuwa amesimama kama wa picha.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi pia. Miaka arobaini na nane nimejisifia usiku ule kwa kila mtu. Hata marehemu mke wangu nilimsimulia." Alizitazama karatasi. "Ishirini na sita katika thelathini. Alama nyingi zilizopotea ni za kuchora kwa mkono wa kushoto. Kumbukumbu yake haina kasoro, kwa bahati mbaya yangu."

Hyacinthe alisimama kutoka kwenye benchi. Akasema, "Ulikuwa na haki, jana."

"Najua nilikuwa na haki. Ingia ndani, anakuuliza."

Kamati ilikaa Alhamisi na karatasi mbili mbele yake, moja ya tisa na moja ya ishirini na sita, na yule daktari kijana, nampa heshima yake, ndiye aliyesema ya kwanza itupwe. Zélie alirudishwa hospitali yetu ndogo kwa mazoezi, na baada ya Pasaka nyumbani. Njiani, mlima ulipoanza kuonekana, Hyacinthe aliuliza swali lake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Zélie alisema. "Ulikuwa juu ya paa."

Yeye naye akamwambia la fomu. Alimwambia lote, hata orodha ilipokuwa. Zélie hakumsemesha mpaka Jumapili. Jumapili alimtuma bandani aitoe chini ya mguu wa meza, aibandike tena kwenye friji, na Hyacinthe, kwa kutoamini gundi, aliipigilia ukutani kwa misumari sita ya paa. Meza ya kazi ikarudia kuyumba.

Mwezi Juni walikwenda mjini kwa uchunguzi. Zélie alikuwa na fimbo, na Kiingereza kilikuwa kimeanza kurudi kwa vipande, vya kutosha kuuliza bei. Pale mapokezi alikuwapo yule yule dada mpole. Akauliza jina, umri, dawa, kisha lugha. Hyacinthe alifungua mdomo. Sijui angesema nini, nadhani naye hajui, mazoea ya maisha yote si kitu kidogo. Zélie hakungoja. Aliiweka ncha ya fimbo juu ya kiatu cha mumewe, akaiegemea kwa uzito wake wote, akajibu mwenyewe.

"Kifaransa."

Dada akatoa kibandiko cha kijani, akakibandika kwenye faili, akasema wasubiri, muuguzi wao Euclide ataitwa sasa hivi. Hyacinthe aliutoa mguu wake chini ya fimbo. Akainama kidogo juu ya kaunta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamsemesha mfanyakazi wa hospitali ile kwa Kifaransa. Aliuliza kama leo yupo mwingine.